Ushanga wa Samesame Katika Mji wa Toronto



Wahariri wameniomba niandike juu ya mahali pamoja katika mji huu wa Toronto ambapo familia zetu zaweza kwenda siku ya mapumziko bila ya kutumia fedha nyingi, na ambapo wazee na watoto watapata la kuzungumza pamoja. Baada ya kufikiri nimeona nisichague mahali bali njia, nayo ni njia ya shanga. Huanzia barabara ya Bloor, huteremka Spadina mpaka Queen, kisha hupinda mashariki hadi Gerrard. Kijana aweza kuimaliza kwa siku moja. Mimi huigawa siku mbili kwa ajili ya magoti.

Yamkini msomaji atauliza shanga zina nini hata ziandikiwe kurasa. Namjibu kwa lugha yake mwenyewe. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi mbili: tunasema kutunga shanga, na tunasema kutunga mashairi. Mshairi ni mtunzi, na bibi aliyeketi barazani akipitisha sindano katika asumini naye anatunga. Wote wawili huchukua vitu vilivyokuwapo tangu zamani, wakavichagua na kuvipanga hata kikapatikana kitu ambacho hakikuwapo. Bibi zetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walijifunza kazi hii kwa maua kabla ya kuijua kwa shanga. Asumini zilichumwa jioni zingali fumba, zikatungwa koja, zikachanua usiku shingoni mwa bibi harusi.

Hapa asumini hazioti uani, maana theluji hazihurumii. Mikono iliyozoea kutunga ikatafuta kitu kingine, na ndivyo baadhi ya kina mama wa jumuiya yetu walivyoanza kukutana Jumamosi za majira ya baridi, kila mmoja na kikopo chake cha shanga, wakitunga vidani. Kila kidani ni cha peke yake. Haiwezekani kutunga cha pili mfano wake, kwa sababu shanga zake zimeokotwa moja moja: hii imetoka kwa mama, hii imeletwa katika sanduku kutoka Nairobi, hii imenunuliwa Queen Street kwa sarafu chache, na hii haijulikani ilikotoka. Hizi zisizojulikana zilikotoka ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

BARABARA YA BLOOR

Tuanze na jumba la makumbusho la Royal Ontario Museum, lililofunguliwa mwaka 1914 penye makutano ya Bloor na Queen's Park. Ukiteremka treni katika kituo kiitwacho Museum umefika. Wengi wetu huwapeleka watoto hapo kutazama mifupa ya majitu ya kale, wakatoka. Wachache hujua kwamba jumba hili lina sehemu kubwa katika elimu ya shanga duniani. Mtaalamu wa mambo ya kale Kenneth Kidd, aliyekuwa mfanyakazi wake, aliongoza uchimbaji wa Sainte-Marie baina ya mwaka 1941 na 1943. Hicho kilikuwa kituo cha mapadri wa Kifaransa katika nchi ya Wahuron-Wendat, kaskazini ya hapa, karibu na ghuba ya Georgian, nacho kilidumu miaka 10 tu, toka 1639 hadi 1649. Baadaye, mwaka 1970, Kidd na mkewe Martha walichapisha mpango wa kuzipanga shanga za kioo kwa namna zilivyotengenezwa, umbo lake na rangi zake, na wachimbaji wa nchi nyingi wanautumia mpaka leo.

Kwa nini wataalamu wajishughulishe na vitu vidogo kama mbegu za mtama? Kwa sababu mti huoza na nguo huliwa na mchwa, ilhali ushanga wa kioo hukaa ardhini karne nyingi. Tena mitindo ya shanga hubadilika upesi kama mitindo ya kanga. Mchimbaji akiona ushanga wa namna fulani aweza kukadiria ni miaka gani watu waliishi mahali pale. Pwani yetu nayo imechunguzwa hivyo hivyo. Katika kisiwa cha Pate yapo magofu ya mji ambao jina lake ni lile lile, Shanga. Mark Horton alichimba huko miaka ya 1980 akagundua dalili za msikiti wa karne ya 8, na pia vigae vya vyungu vyenye mifereji, vilivyotumiwa kusugulia vipande vya kombe mpaka vikawa shanga za mviringo. Kwa hiyo, tusidhani kwamba babu zetu walikuwa wakingoja majahazi yawaletee mapambo. Walikuwa wakitengeneza yao wenyewe, kwa mikono, ufukweni.

Ukitoka hapo tembea upande wa magharibi kidogo, mpaka pembe ya St. George. Hapo pana jumba la makumbusho la viatu, Bata Shoe Museum, lililofunguliwa mwaka 1995. Jina la Bata halihitaji tafsiri kwa mtu aliyesoma shule Afrika Mashariki. Viatu vyetu vya kwanza vya ngozi vilitoka kiwanda cha Limuru. Humo ndani mna viatu laini vya ngozi vya wenyeji wa nchi hii, vilivyoshonwa shanga juu yake kwa maua na majani, kazi ambayo jicho husita kuamini kuwa ni ya sindano. Wenye Bata asili yao ni mji wa Zlín katika nchi ya Ucheki ya leo, na katika nchi hiyo hiyo, huko Jablonec, ndiko zinakotengenezwa shanga nyingi ambazo kina mama wa Kimasai huzitumia katika kazi zao. Basi nchi moja ndogo isiyo na bahari imeivisha Afrika Mashariki miguuni na shingoni. Ofisi kuu ya Bata ilikuwa hapa hapa Toronto, Wynford Drive. Jengo lile lilivunjwa mwaka 2007, na katika uwanja wake pamejengwa jumba la makumbusho la Aga Khan, lililofunguliwa mwaka 2014. Wale wanaokaa Flemingdon na Thorncliffe wanalijua vizuri.

Bado kidogo tu upande wa magharibi utafika Spadina Road, penye kituo cha wenyeji kiitwacho Native Canadian Centre of Toronto, kilichoanzishwa mwaka 1962. Hapa nawaomba wazazi wasimame kidogo na watoto wao. Katika shule nyingi za mji huu husomwa asubuhi maneno ya kuwatambua wenyeji wa ardhi, na aghalabu katika shughuli za mji hutajwa mapatano yaitwayo Sahani ya Kijiko Kimoja, yaani kwamba ardhi hii ni kama sahani moja ya chakula ambayo kila mmoja ale kiasi chake na amwachie mwenziwe. Watoto huyasikia maneno hayo kila mara, lakini sidhani wengi wao huambiwa kuwa mapatano hayo yaliwekwa kwa shanga. Wenyeji walichonga shanga nyeupe na za zambarau kutokana na makombe ya bahari ya Atlantiki, wakazisuka mikanda, na kila mkanda ulikuwa na maana yake. Mzee aliyeutunza alikariri maneno yake na kumfundisha aliye mdogo. Katika lugha ya Waanishinaabe ushanga huitwa manidoominens, jina ambalo maana yake ni kijitunda cha roho. Walijua kwamba ushanga bila ya mtu wa kueleza maana yake hubaki kombe tu.

QUEEN NA GERRARD

Shuka sasa Spadina mpaka Queen. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaa wa Spadina ulijaa karakana za washoni, wengi wao Mayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, na nyuma ya washoni wakafuata wauza vitambaa, vifungo, nyuzi na shanga. Biashara hizo zimepungua sana kodi zilipopanda, lakini kati ya Spadina na Bathurst bado hujakosa kuona dirisha lililotundikwa nyuzi za rangi zote. Ingia ndani utaona shanga za Ucheki zilizong'arishwa pande zake, za Japani zilizolingana kama punje za mchele bora, za Ghana zilizotengenezwa kwa chupa zilizosagwa na kuyeyushwa upya, na zile zilizotengenezwa moja moja na mafundi wanaoyeyusha kijiti cha kioo mbele ya moto na kukizungusha juu ya waya. Hizo za mwisho ndizo hasa za mkono. Ukizitazama mbili za rangi moja utaona hazifanani, kama watoto wa tumbo moja.

Ukitaka vya fedha na vikengele, bangili na shanga za akiki, panda tramu ya 506 mpaka Gerrard, baina ya Greenwood na Coxwell. Huo ndio mtaa wa Wahindi, ulioanza mwaka 1972 lilipofunguliwa hapo jumba la sinema la Naaz. Harufu yake itakukumbusha Biashara Street ya Mombasa au Darajani ya Unguja. Akiki nyekundu ni rafiki yetu wa zamani: kwa karne nyingi ilichongwa Khambhat, katika Gujarat, ikasafirishwa kwa pepo za kaskazi mpaka pwani yetu.

Shanga nyingine haziuzwi madukani hapa. Huja katika masanduku yetu. Kuna za udongo uliochomwa na kupakwa rangi zitokazo Kazuri, karakana iliyoanzishwa mwaka 1975 huko Karen, Nairobi, na Susan Wood pamoja na kina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Baadaye ikawaajiri mamia. Kuna za karatasi zitokazo Kampala, ambako kina mama wengi waliokimbia vita vya kaskazini ya Uganda walikaa Kireka, wakawa wanakata magazeti na kalenda katika vipande virefu vya pembe tatu, wakavizungusha juu ya sindano na kuvipaka vanishi. Ushanga wa karatasi ni mwepesi, wala hauchoshi shingo, nao huwafaa sana wazee.

Lakini nataka kusimama zaidi juu ya ushanga mmoja. Katika sinia za shanga kuukuu, zile zinazouzwa kwa uzi, utaona shanga ndogo nyekundu. Ziinue kwenye mwanga utazame tunduni: nje ni nyekundu kama damu, na ndani ni nyeupe. Wafanyabiashara wa hapa huzipa jina la Kampuni ya Hudson's Bay, kampuni iliyopewa hati mwaka 1670, ikanunua manyoya kwa wenyeji, ikaendelea na biashara katika nchi hii mpaka maduka yake yote yalipofungwa mwaka 2025. Lakini shanga hizo hazikutengenezwa Kanada. Zilitengenezwa Venice, fundi akikifunika kioo cheupe kwa utando mwembamba wa kioo chekundu, kwa kuwa kioo chekundu kilikuwa ghali.

Shanga za namna hiyo hiyo ziliuzwa Zanzibar. Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri mpaka maziwa makuu baina ya 1857 na 1859, aliandika kwamba katika biashara ya bara zilikuwapo aina za shanga zipatazo 400, na kila kabila lilikuwa na aina yake likiipenda mwaka huu na kuikataa mwaka ujao, hata mfanyabiashara aliyekosea kuchagua alifika Unyanyembe na mzigo usionunua hata kuku. Iliyotamaniwa kupita zote ilikuwa hiyo nyekundu nje na nyeupe ndani. Watu wa pwani waliiita samesame. Waliipa na majina mengine ya utani: kimara-pamba, yaani inayomaliza masurufu ya njiani, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa chakula chake aipate; na kivunja-mji, kwa kuwa majumba yaliharibika kwa ajili yake.

Jina hilo la tatu lilinirudia akilini kwa sababu ya jambo lililotokea katika jumuiya yetu.

KIDANI CHA MAREHEMU

Mama mmoja alifariki Mombasa, Mji wa Kale. Mumewe na wazazi wake walikwisha kutangulia, naye akaacha mtoto wa kiume mmoja na mabinti watatu. Miongoni mwa alivyoviacha ni kidani cha shanga nyekundu 60, riale 5 za fedha za Maria Theresa, na katikati hirizi ya fedha, kikasha kile cha mviringo chenye vikengele. Binti anayekaa Toronto ndiye aliyekuwa na mama siku za mwisho, akarudi nacho huku. Watoto wote walijua toka utotoni kwamba shanga zile ni marijani.

Wanaojua bei ya marijani ya kale wataelewa yaliyofuata. Kaka alisema kidani ni mirathi, si zawadi, basi kiuzwe na kila mtu apate fungu lake. Dada wa Toronto alisema hauzi kitu kilichokuwa shingoni mwa mama yake. Dada wa Muscat alimwunga mkono kaka, na aliyebaki Mombasa akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa na kila upande kuwa ni usaliti. Kidani kilipelekwa kwa sonara mmoja wa hapa. Akaweka hirizi na riale juu ya mizani na kutaja bei ya fedha kwa gramu, kama mtu anayenunua vijiko vikuukuu. Mwaka ukapita watoto wa mama mmoja wakizungumza siku ya Idi tu, na hapo kwa dakika mbili.

Kidani kilifika katika mkutano wetu wa Jumamosi kwa sababu nyingine kabisa: uzi wake ulikuwa umechakaa, na dada aliogopa usikatike. Tulikilaza juu ya kitambaa cheupe. Nilivaa miwani nikatazama tunduni kwa kioo cha kukuzia. Nyekundu nje, nyeupe ndani. Mmoja wetu alitoa kikoponi uzi wa shanga alizonunua Queen Street, tukauweka kando. Zilikuwa ndugu.

Dada hakusema neno. Alichukua simu akampigia mdogo wake marehemu, bibi aliyekwisha kupita miaka 80, akaiweka sauti tuisikie sote.

"Mama mdogo, shikamoo. Kidani cha mama, zile shanga zake ni marijani?"

"Marahaba mwanangu. Marijani? Nani aliyekwambieni ni marijani? Marijani za nyumba yetu ziliuzwa zamani, wewe hujazaliwa, akasomeshwa mama yako. Hizo ni samesame. Mama yetu alizirithi kwa babu yake, aliyekuwa akienda Tabora na misafara."

"Mbona hukutuambia?"

"Mbona hamkuniuliza?"

Nimeyaandika mazungumzo haya kwa idhini ya wenyewe, kwa kuwa yanatuhusu sote. Kwa fedha, shanga zile hazikuwa na thamani kubwa. Lakini mle chumbani kila mtu aliona kwamba zimepanda, hazikushuka. Walikuwa wakigombea kitu wasichokijua. Sasa walijua kwamba babu wa bibi yao alikwenda Tabora kwa miguu, na kwamba mama yao alisoma kwa marijani zilizotoka shingoni mwa mama yake.

Mambo yalimalizika kama sheria inavyotaka na kama moyo unavyotaka, vyote pamoja. Shanga 60 zinagawika mafungu 5 ya shanga 12. Kaka akapata mafungu mawili, yaani shanga 24, na kila dada 12. Riale nazo: mbili kwa kaka, na moja kwa kila dada. Hirizi haikugawika; warithi wote wanne waliridhiana apewe mama mdogo. Kaka akampa binti yake shanga zake. Kwa hiyo kidani kimoja kikawa vidani vinne, navyo havifanani, kwa sababu kila mwenye navyo aliongeza shanga za mahali pake. Cha Toronto kina samesame 12, riale moja, akiki za Gerrard, udongo wa Kazuri, na ushanga mmoja wa zambarau uliotengenezwa na fundi wa hapa.

NAMNA YA KUTUNGA

Wako watakaotaka kujaribu, basi nawapa kwa ufupi niliyojifunza kwa kina mama hao.

Kwanza, usianze na uzi. Laza shanga zako juu ya kitambaa kisichoteleza, uchague moja itakayokaa katikati, kisha uzipange nyingine kulia na kushoto. Si lazima pande mbili zifanane, lakini lazima zilingane kwa uzito, ama sivyo kidani kitazunguka shingoni na katikati kuwa begani. Ziache usiku mmoja, uzitazame tena asubuhi kwa mwanga wa dirishani. Rangi iliyopendeza chini ya taa huenda ikakusuta mchana.

Pili, pima matundu. Shanga za udongo zina matundu mapana, na za kale zina matundu yenye makali yanayokata uzi kama kisu. Yasugue polepole kwa waya uliofungwa msasa laini, na baina ya ushanga mzito na mwepesi weka ushanga mdogo wa kuutenga. Fedha na kioo visigongane moja kwa moja.

Tatu, chunga unachokisafisha. Marijani na lulu huharibiwa na siki, ndimu na manukato. Jipake marashi kwanza, uvae kidani baadaye. Ushanga wa karatasi usiulowanishe kamwe. Ukiambiwa kwamba ushanga ni kaharabu, utie katika maji yenye chumvi nyingi: kaharabu huelea, kioo huzama.

Nne, na hili ndilo kubwa, funga fundo baada ya kila ushanga, kama wafanyavyo watunga lulu. Kazi huwa mara tatu, lakini uzi ukikatika utapoteza ushanga mmoja tu, nyingine zitabaki zimeshikana.

Wapo watakaosema kuwa kuhangaikia uzi wa mkufu ni upuuzi. Na wakumbuke yaliyopokewa na Bukhari, kwamba mkufu wa Bibi Aisha (R.A.), aliouazima kwa dada yake Asmaa, ulipotea safarini, na Mtume (S.A.W.) akasimama kuutafuta, na watu wote wakasimama pamoja naye mahali pasipo na maji. Hapo ndipo iliposhuka aya ya kutayamamu, rehema ambayo Waislamu wote wanaitumia mpaka leo. Ngamia aliposimamishwa, mkufu ulionekana chini yake. Msafara mzima ulisimama kwa ajili ya mkufu wa kuazima, na hapana aliyekatazwa kuutafuta.

Liko neno moja kwa wanaosafiri. Katika vidani vya kale huwamo pembe ya ndovu, na mara nyingine magamba ya ng'amba. Biashara ya pembe kimataifa ilipigwa marufuku kwa mapatano yaliyoanza kutumika mwaka 1990, na tangu Januari 2024 Kanada imekaza zaidi masharti ya kuiingiza na kuitoa. Usitie kitu cha namna hiyo katika sanduku kwa kudhani kwamba urithi hauna sheria. Uliza kwanza ofisi zinazohusika, upate karatasi, au ukiache kwa ndugu nyumbani. Ni afadhali kidani kikae Lamu kuliko kichukuliwe uwanja wa ndege.

Mwisho, nina ombi kwa kila nyumba inayosoma jarida hili. Usiku wa leo, kabla ya kulala, fungueni kile kisanduku. Mchukueni mtoto mmoja anayejua kuandika, na mpigieni simu bibi au mama mdogo, au mama mkubwa, yeyote aliye hai. Muulizeni kila ushanga unaitwaje, ulitoka wapi, na nani aliuvaa. Andikeni kwa Kiswahili, kwa maana majina mengi hayana tafsiri: samesame, utunda, kidani, koja. Karatasi hiyo iwekeni kisandukuni pamoja na shanga. Shanga za kioo zitakaa miaka elfu bila ya msaada wetu. Majina yake hayana uzi mwingine ila sisi.

Kina mama hukutana kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri mpaka majira ya baridi yaishe. Anayetaka kuja aje na shanga zake, chache au nyingi, na kama hana, aje hivyo hivyo. Za kuanzia hazikosekani.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum.